Kuvunja ungo si kukomaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wale wanaoshikilia kwamba msichana akishavunja ungo ni mtu mzima, na kwamba kumwoza si kosa maadamu wazazi wake wameridhia.

Kuvunja ungo huonyesha kwamba mwili umeanza kukomaa, wala si kwamba umemaliza. Wasichana wengi hufikia hatua hiyo wakiwa na miaka 12 hadi 14, ilhali mifupa ya nyonga huendelea kukua kwa miaka kadhaa baadaye. Ndiyo maana uchungu wa binti mdogo huweza kukwama, kichwa cha mtoto kikakandamiza kibofu kwa muda mrefu hadi nyama ikafa, naye akabaki na fistula, mkojo ukimvuja mchana na usiku. Wauguzi wanaowahudumia mabinti hao wanayajua haya kuliko sisi tunaobishana magazetini.

Akili huchelewa zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hupima matokeo ya jambo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hata baada ya mtu kupita miaka 20. Kijana wa miaka 15 aliyetulia anaweza kufikiri vizuri sana. Akibanwa na hofu, mbele ya wakubwa wanaosubiri jibu moja tu, uamuzi wake huyumba. Na ridhaa ya ndoa huombwa katika hali hiyohiyo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, ingawa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Katika shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu mwaka 2016 iliona vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kufanya marekebisho; Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali. Mwaka mmoja uliotolewa na Mahakama Kuu ulipita bila sheria kuguswa.

Sidai kwamba mtu hukamilika siku anapotimiza miaka 18. Nasema huo ndio umri wa chini kabisa unaoweza kutetewa, na nawaomba wabunge wauweke kwa msichana na mvulana sawasawa, bila kuacha mwanya wa ridhaa ya mzazi wala ruhusa ya hakimu.

Msomaji wako,
Morogoro