Mwanaidi, njooni, lakini tutoke Jumapili

London, Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Hujambo, na mama hajambo? Magoti yake je? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto la wiki hii limetukuta nyumba hazina hata feni. Bi Zuwena anakusalimu, anasema halua imefika na imeshakwisha. Nisamehe kwa ukimya tangu Ramadhani. Zamu za usiku zimenila.

Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu nikiwa kwenye basi. Kumbe Baba Nasra kaona kwenye taarifa ya habari vijana wanakimbizana na askari kwenye kanivali ya Notting Hill, ile sherehe ya muziki ya siku mbili inayojaza mitaa yetu kila Agosti, na mtangazaji anahesabu waliokamatwa, na tangu hapo hataki kusikia habari za Agosti. Unasema mnafikiria kusogeza tiketi hadi Septemba. Umeniomba nikwambie ukweli, na kwa kuwa anayeletwa ni Nasra, nitakwambia wote.

Alichokiona Baba Nasra hakikutungwa. Mwaka 2024 walichomwa visu watu wanane katika siku mbili za kanivali, wakakamatwa zaidi ya 300. Mama mmoja aliyekuja na mwanawe wa miaka mitatu alichomwa Jumapili, siku ambayo ndiyo huitwa ya familia, akafariki siku chache baadaye. Mpishi mmoja aliyekuwa mgeni mjini alipigwa karibu na hapo, naye akafariki. Yule mama namfikiria kila nikipita kona ile. Kwa hiyo asije mtu akakwambia kwamba ni uzushi wa magazeti.

Lakini miaka kumi na moja nakaa hapa, nyuma ya Golborne Road, na kamera haijapata kunionyesha kanivali ninayoijua mimi. Haionyeshi watoto wa Jumapili asubuhi wenye mbawa za vitambaa na manyoya, mmoja mbawa zimemzidi kimo, mama yake anatembea nyuma amezishika zisiburute. Wala haionyeshi saa tisa mchana. Mwanaidi, saa tisa mitaa yote ile hunyamaza kwa sekunde 72, kwa ajili ya watu 72 waliokufa moto ulipochoma jengo la Grenfell, Juni 2017, hapa hapa jirani. Mitambo ya muziki zaidi ya thelathini inazimwa, laki za watu wanasimama kimya, unasikia mtoto akilia mtaa wa pili. Mara ya kwanza nililia na mimi.

Na asili yenyewe inatokana na machungu. Mwaka 1958 Waafrika wa visiwa vya Karibi walishambuliwa na makundi ya Wazungu mitaa hii hii. Januari 1959 Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, akawaandalia kanivali ndani ya ukumbi wa St Pancras ili watu wapate kuinua vichwa. Barabarani ilitoka 1966, sherehe ya mtaa aliyoianzisha Rhaune Laslett. Ndiyo maana kila wakitokea watu wa kusema ihamishiwe bustani ya Hyde Park, iwekewe uzio na viingilio, wenyeji wanakataa, na mimi niko nao. Ukiitoa barabarani hapa umeiua. Ni sawa na kuuhamishia Mwaka Kogwa uwanja wa mpira. Na hebu fikiria mgeni apige picha ya dakika moja Makunduchi, wanaume wanachapana kwa migomba, aipeleke kwenye televisheni ya kwao bila neno la maelezo. Watu wangesemaje juu yetu?

Sasa nije kwenye ninachokiogopa mimi, kwa sababu sicho anachokiogopa Baba Nasra.

Miaka michache nyuma, Jumatatu, kama saa kumi na moja jioni, nilitoka na Salma kwenda kununua kuku wa kuchoma. Barabara ilikuwa imejaa lakini inapitika. Tukafika pale njia inapobanwa na vizuizi vya chuma, huku wanatoka, huku wanaingia, na katikati lori la muziki linapita taratibu. Ndani ya dakika mbili au tatu sikuweza tena kuinua mkono. Simu ilikuwa inalia mfukoni nami siwezi kuifikia. Kandambili moja ikavuka, nikaiacha. Kisha nikahisi visigino vimeacha ardhi, nasogezwa na watu wala sitembei. Hapakuwa na ugomvi. Hakuna aliyemtukana mwenzake, na walio nyuma walikuwa bado wanacheza, maana wao hawakujua. Mbele yangu baba mmoja alikuwa amembeba mtoto mabegani, uso wake umebadilika rangi, anasema polepole, “Tafadhali, tafadhali.” Mzee mmoja wa nyumba ya pembeni akafungua geti lake la chuma, lile la ngazi za chini, akavuta watu mmoja mmoja. Tulikaa kwenye ngazi zake karibu saa nzima, watu tisa na mtoto yule, tukipokezana kikombe kimoja cha maji ya bomba. Salma hajarudi tena kanivali mpaka leo.

Hiyo haikutoka kwenye habari. Ingetokaje? Hakuna aliyekufa.

Magazeti yetu huandika “mkanyagano”, kama kwamba watu walipagawa wakakanyagana. Neno hilo linanikera siku hizi. Wengi hawakanyagwi. Wanabanwa wakiwa wima, kifua kinakosa nafasi ya kutanuka, pumzi inaisha. Wanaojua mambo ya umati wanasema ukifikisha watu wanne au watano kwenye eneo la mita moja mraba umeshaingia hatarini, na wakizidi hapo watu wanaanza kuyumba kama maji, hakuna anayeamua aende wapi. Ndivyo ilivyokuwa Itaewon, Korea Kusini, Oktoba 2022, kwenye kichochoro kisichozidi mita nne hivi kwa upana, wakafa vijana zaidi ya 150 bila kisu wala bunduki. Na Dar, Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, watu 45 waliokwenda kumuaga Rais Magufuli. Wewe na mimi hatuna haja ya kwenda mbali. Septemba 2011 tulisimama pwani tukisubiri majina ya waliokuwa kwenye meli ya Spice Islander iliyozama. Kile chombo hakikuvamiwa na mhalifu, kilijazwa watu kupita uwezo wake, na waliokijaza waliona ni safari kama safari nyingine.

Kwa hiyo nikiona kila Agosti swali la waandishi ni moja tu, wamekamatwa wangapi, nachoka. Askari huletwa kama 7,000 kwa siku. Mwaka 2025 wakaongeza kamera za kutambua sura pembezoni mwa kanivali. Sawa, visu vitafutwe, sina ugomvi na hilo. Ila polisi wenyewe waliwaambia wajumbe wa jiji kwamba uhalifu ndio unaopata vichwa vya habari, lakini kinachowanyima usingizi ni msongamano na maafa ya watu wengi kwa mpigo. Na Juni 2025 mwenyekiti wa kanivali, Ian Comfort, alimwandikia waziri wa utamaduni, Lisa Nandy, akiomba fedha za haraka kwa sababu uchunguzi wa usalama ulikuwa umeonyesha mapengo. Serikali ya jiji na halmashauri mbili za hapa zikachanga pauni 958,000. Zilipatikana wakati majira ya joto yameshaanza! Mhudumu wa umati hafundishwi kwa wiki mbili. Anatakiwa aijue kona yake, ajue kichochoro kipi kinatoa watu na kipi kimezibwa mbao, awe na redio, na awe na mamlaka ya kusema funga hapa sasa hivi, hata kama lori lililobaki nyuma ni la wakubwa. Mtu kama huyo mmoja pale nilipobanwa angenifaa kuliko askari kumi wa kupekua mifuko. Nimeyasema haya kwenye mkutano wa mtaa, nikapewa dakika mbili, wenzangu wengine wote wakauliza kuhusu visu.

Basi, mpango wangu ndio huu, mwonyeshe Baba Nasra. Tutatoka Jumapili tu. Jumatatu watu ni wengi mno, tutakaa ndani tupike. Tutatoka saa nne asubuhi na kuwaona watoto wakipita, tukisimama upande wenye njia ya kutokea, kamwe si kati ya vizuizi viwili. Saa nane tuwe tumerudi. Ukimya wa saa tisa tutausikia kutoka kwenye ngazi zangu, na Nasra atauelewa, ni mkubwa sasa. Kituo cha treni cha Ladbroke Grove hufungwa siku zile, lakini hatutakihitaji, tutatembea. Namba yangu nitamwandikia mkononi kwa kalamu isiyofutika. Na ile habari ya kubanwa, nakuelekeza kwa sababu nataka uijue hata ukiwa Darajani sikukuu: mikono mbele ya kifua kama bondia, usisukumane na wimbi, likitulia sogea kimshazari kuelekea ukingoni. Ukiona huwezi tena kugusa uso wako, umechelewa kuondoka, kwa hiyo ondoka kabla.

Nina ombi moja pia. Nitafutie kanga mbili, zile za rangi nyekundu kwa nyeusi, kwa ajili ya yule mzee wa geti. Kila mwaka nampelekea sambusa, lakini safari hii nataka apate kitu kilichotoka kwetu. Mkewe anapenda vitambaa.

Sasa nijibu na wewe. Tiketi mmeshaibadilisha au bado? Ikiwa bado, unaweza kumshika Baba Nasra mpaka nizungumze naye Jumamosi, saa ngapi anakuwa nyumbani? Nasra bado anaogopa kelele kubwa? Nimeona vile vizuia sauti vya watoto vya kufunika masikio, nimnunulie saizi gani, kichwa chake kimekua kiasi gani? Na viza yake imetoka pamoja na yako au inasubiriwa? Na Mwanakombo, kweli anaolewa Oktoba, au ni maneno ya Bi Zuwena? Mbona hukuniambia?

Wako,
Rukia

Nimesahau: msije na viatu vya wazi. Ile kandambili yangu sikuipata tena.