Plastiki za gari za kutengeneza nyumbani sio zote takataka

Mhariri, salaam. Kuna msomaji mwenzetu aliandika humu wiki iliyopita kwamba plastiki za gari zinazotengenezwa mitaani ni takataka, zinapinda mwezi haujaisha, na mimi nakubaliana naye nusu tu maana natengeneza za kwangu mwenyewe kibarazani hapa Tabata na gari inatembea nazo masika ya pili hii.

Nina RAV4 old model ya 1998, zile zenye plastiki pana ya kijivu inayozunguka juu ya tairi. Ya mbele kulia ilipasuliwa na bodaboda kwenye foleni, nikaenda kuulizia used, nikatajiwa bei nikadhani inakuja na mlango wake, halafu jamaa akaniuliza kwa sauti ya chini nataka ya leo au naweza kusubiri mpaka kesho. Na mtu mzima unajua ya kesho inang'olewa usiku kwenye gari ya nani. Nikasema basi, bora nihangaike mwenyewe.

Sasa hizo zinazopinda nyingi ni bomba la maji. Fundi anachana bomba la PVC kwa msumeno, analibabua kwenye jiko la mkaa mpaka lilegee, analikandamiza kwa ubao, anapiga puti na rangi, kazi imeisha. Shida ni kwamba PVC inaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na gari ya rangi nyeusi iliyopaki juani Dar saa nane mchana bati lake jaribu kulishika uone, yaani haliko mbali sana na hapo, kwa hiyo lazima ipinde. Halafu ule moshi! PVC ikiungua inatoa gesi ambayo ikikutana na maji ya machoni na kooni inakuwa asidi kabisa, ndio maana vijana wanakohoa huku machozi yanatoka na watoto wamekaa pembeni wanaangalia. Na wala moto wenyewe hauhitajiki, maji yanayochemka yanatosha kulilainisha.

Mimi natumia faibaglasi. Unachukua plastiki nzima kama sampuli, unaipaka nta safari nne tano (usifanye uvivu hapa, ikigandana na moldi umepoteza vyote viwili), unaitandikia matabaka ya nyuzi za kioo na resini (ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu), ikikauka unaibandua, hapo umepata moldi, yaani kalibu, ndani ya hiyo moldi unarudia kazi ileile ndio inatoka plastiki yako. Resini kilo moja inakula hadina, ile dawa ya kuigandisha, mililita 10 mpaka 20, kwa joto la huku baki kwenye 10. Mara ya kwanza nilimimina kwa macho, kopo likapata moto mkononi likaanza kutoa moshi na resini ikaganda kama jiwe kabla sijagusa brashi.

Lakini hilo sio kosa langu kubwa. Kubwa ni kwamba ya kulia ilikuwa vipande vipande, nikafungua ya kushoto ndio nikaifanya sampuli, wikiendi mbili nzima, msasa namba 80, 240, 400, inang'aa mpaka majirani wanakuja kushika. Nikaipeleka kwenye gari upande wa kulia, haikai. Naigeuza, haikai. Mwanangu wa darasa la sita akasema baba hiyo si ya kushoto? Kweli, nimetengeneza kushoto ya pili! Ni kama viatu, ukikopi cha kushoto unapata cha kushoto. Ilibidi nikaombe kwa mzee mmoja hapa mtaani mwenye gari kama yangu anipe ya kwake ya kulia siku mbili, na alinipa kwa masharti kama mahari.

Faibaglasi nayo ina ubaya wake nisiwadanganye. Plastiki ya kiwandani inanepa ukigusa kingo ya barabara, hii inapasuka. Na vumbi lake ukipiga msasa bila barakoa na nguo ya mikono mirefu utajikuna usiku kucha. Msasa wa maji unapunguza. Na ukifunga tumia klipu kwenye matundu yaleyale ya kiwandani, usikubali fundi atoboe fenda kwa skrubu, kwa hewa hii ya chumvi kutu inaanzia hapohapo.

Ninachoomba kwa wakubwa wa VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, ni kozi fupi tu ya jioni ya faibaglasi kwa hawa vijana wa gereji za mitaani, maana mikono wanayo, wanayemkosa ni wa kuwaambia waache bomba.

Ile kushoto ya pili bado ninayo juu ya kabati. Mwenye RAV4 ya miaka hiyo aliyevunjikiwa ya mbele kushoto apite Tabata aulize, bei tutaelewana, ila rangi atapaka mwenyewe.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam