Chuo cha udaktari Eldoret hakikuanza na jengo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vyuo vya udaktari ilisimulia majengo na kusahau masomo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967; kabla ya hapo Wakenya walikuwa wakienda Makerere. Eldoret, chini ya Chuo Kikuu cha Moi, ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990. Hospitali iliyowapokea ilianza mwaka 1917 na vitanda 60 tu.

Upya wa Eldoret ulikuwa namna ya kufundisha. Kikundi kidogo hupewa kisa, tuseme mtoto mwenye homa na degedege. Huandika ubaoni wanachokijua, kisha wasichokijua, hugawana maswali, huenda kusoma, na kurudi kujibizana mbele ya mwalimu anayeongoza bila kuhutubu. Hapo ndipo penye kasoro: mwalimu aliyezoea kuhutubu huteka kipindi, na maktaba ikiwa na vitabu vichache, wote hurudi na jibu lile lile.

Halafu kuna vijiji. Mwanafunzi hasubiri mwaka wa mwisho. Mapema tu hupelekwa kwenye kituo cha afya mashambani. Huzuru kaya, huuliza maji yanatoka wapi na choo kiko umbali gani, kisha huandika ripoti. Miaka inayofuata hutunga pendekezo la utafiti na kulitekeleza. (Usafiri na malazi hugharimu, na ndiyo maana wasimamizi wa bajeti huanzia kupunguza hapo.)

Mkiandika tena, ulizieni hivyo vituo.

Msomaji,
Kisumu