Mama Yake Mche Huu Yuko Wapi?

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka hapa Bombo. Sisi hatujambo, mvua imeanza vizuri na miche imejaa kitaluni mpaka imeziba njia ya kwendea jikoni. Nimefurahi kusikia kwamba ukuta wa kiwanja chako cha Seeta umekwisha na kwamba sasa unafikiria miti ya matunda. Tena si maembe na maparachichi yaliyojaa kila uwanja, bali yale unayoyakumbuka kutoka nyumba za watu ulipokuwa mdogo. Umeniomba nikununulie miche ya shokishoki kwa yule muuzaji aliyekutumia picha kwenye simu, anayeahidi matunda baada ya mwaka mmoja. Sitainunua. Nakuandikia kwa urefu ili ujue sababu, na ujue tutafanya nini badala yake, kwa sababu matunda unayoyataka yapo.

Mshokishoki una mti dume usiozaa, na mti unaozaa ambao tunauita jike, ingawa mara nyingi ua lake lina sehemu zote mbili. Ukiotesha mbegu, huwezi kujua umepata upi mpaka mti utoe maua, na hapo miaka mitano au sita imekwisha pita. Ukiwa dume hutaonja tunda hata moja. Mbegu yenyewe haiwekeki: ikitolewa kwenye tunda na kuachwa ikauke, baada ya wiki moja hivi haioti tena, kwa hiyo anayekuuzia pakiti ya mbegu kavu za shokishoki anakuuzia kitu kilichokufa. Mche wa maana ni ule uliobebeshwa, yaani uliokatwa kichwa na kuungwa kikonyo (kijiti) cha mti jike unaojulikana kwa kuzaa, na huo nao huchukua miaka miwili hadi minne kabla ya kukupa tunda. Huyo wa mwaka mmoja nilimpigia simu. Nikamuuliza swali ambalo nataka uwe unalianza nalo kila unaposimama mbele ya kitalu cha mtu: mama yake mche huu yuko wapi? Hakuwa na jibu. Akanieleza bei ya usafiri. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, mwanangu, kwa sababu fedha zinarudi lakini miaka mitano ya kumwagilia dume hairudi.

Nataka uelewe jambo hili vizuri, ndilo msingi wa kazi yangu yote. Mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, naye huwa na tabia zake. Ukila stafeli tamu na kuzika mbegu yake, utapata mstafeli, ila utamu ule huna hakika nao. Balungi ni hivyo hivyo, mbegu zake hazifuati mama. Machungwa na machenza mengi yana bahati nyingine: ndani ya mbegu moja huchipua miche kadhaa, na mingi kati ya hiyo ni mama mwenyewe tena. Lakini hata huo utaukalia miaka mingi, umejaa miiba, kabla haujakubali kuzaa. Tawi ni habari tofauti. Tawi lililokatwa kwenye mti unaozaa limekwisha kukomaa, na ukilihamishia kwenye mche mchanga linaendelea na ukomavu wake. Ndiyo maana mche uliobebeshwa unaweza kutoa ua ukiwa haujafika kiunoni. (Maua ya mwanzo hayo uyatoe, mti ujenge mwili kwanza.)

Kwa hiyo hatuanzi na muuzaji, tunaanza na mti. Na miti ya namna hiyo Uganda tunayo. Nenda Jinja. Pita taratibu kwenye mitaa ya zamani, zile nyumba kubwa zilizojengwa na Wahindi kabla ya kufukuzwa mwaka 1972, utazame juu ya kuta. Wenye nyumba walibadilika, miti ikabaki. Nimeona huko mizambarau minene, mikomamanga, miforosadi, mibalungi yenye matunda makubwa kuliko kichwa cha mtoto. Mingi inamwaga matunda chini na hakuna anayejua aliyeipanda. Jambo linaloniuma ni kwamba viwanja vile vinakatwakatwa sasa, ghorofa zinapanda, na mti ndio wa kwanza kuangushwa. Mti uliobebeshwa kutoka pale unaweza kuishi Seeta hata kama mama yake atageuzwa kuni. Sijui sababu nyingine ya kuharakisha inayozidi hiyo.

Angalia pia kwenye misheni za zamani, shule za zamani, na nyumba za wazee waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya serikali. Wauzaji wa soko la Nakasero, Kampala, ni walimu wazuri. Ukiona tunda geni, usimuulize mama yule bei tu, muulize limetoka kijiji gani na nani huleta. Nunua, kula, na kama limekuridhisha, fuata njia mpaka kwa mwenye mti.

Ukifika kwa mwenye mti, piga hodi kama ulivyofundishwa. Amkia, kaa kama umekaribishwa, sifu tunda lake kwa sababu kweli ni zuri, halafu omba. Watu hawanyimi kijiti, wananyima dharau. Nikiwa nakwenda kuomba hubeba mche mmoja wa kuacha pale, na nikirudi na habari kwamba kikonyo chake kimeshika, hunifungulia lango bila kuuliza jina. Jaribu kwenda mti ukiwa na matunda, uonje la mti ule ule utakaoukata. Geuza majani utazame mgongoni. Majani yenye manjano ya mabaka mabaka kwenye machungwa, au matawi yanayokauka kuanzia nchani, achana nayo hata kama tunda ni tamu vipi, kwa kuwa kuna magonjwa yanayosafiri ndani ya kijiti chenyewe, na ugonjwa wa kijani wa machungwa ni mmoja wao. Hauna dawa ya kuuponya mti.

Sasa stafeli, kwa kuwa ndiyo uliyoitaja ya kwanza kwenye orodha yako. Mbegu za kuoteshea miche ya chini, itakayobeba vikonyo, nimekwisha ziloweka, usiku mmoja na mchana wake, nikazitia kwenye mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Zikifika unene wa penseli tutafanya kazi. Wiki moja kabla ya kukata vikonyo, mwenye mti atuwie radhi, tutanyoa majani ya matawi tuliyoyachagua na kuacha vijishina vinavyoshikilia majani tu. Macho ya tawi, pale linapochipua, yatavimba yakiwa bado kwenye mti. Tutakata asubuhi na mapema, tufunge kwa gazeti lililoloweshwa, tuingize kwenye kavera (mfuko wa plastiki), tusiache juani hata dakika tano kwenye bodaboda.

Hapa kisu ndicho kila kitu. Mche wa chini unaukata kichwa kwa urefu wa shibiri moja kutoka udongoni, kisha unaupasua katikati, sentimita tatu au nne kwenda chini. Kikonyo unakichonga pande mbili kiwe kabari nyembamba, kila upande kwa mvuto mmoja wa kisu; ukichonga kwa kudonoa donoa panabaki mabonde na hewa inaingia. Usiguse jeraha kwa kidole. Ingiza kabari, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaweka katikati ili ipendeze. Kinachoungana si mti wa katikati, ni ule utando wa kijani wenye ute ulio chini tu ya ganda. Kama kikonyo ni chembamba kuliko mche, kisogeze upande mmoja mpaka ganda likutane na ganda, upande wa pili uuache. Funga kwa utepe wa plastiki kuanzia chini kwenda juu, kaza, kisha vika kavera ndogo inayoonyesha na mche ukae kivulini. Baada ya wiki tatu au nne macho yakifunguka, toa kavera jioni, usitoe mchana.

Na mstafeli ukizaa maua mengi ukakosa matunda, usiukate. Ua lake hufunguka likiwa jike, unga hutoka baadaye, kwa hiyo ua moja haliwezi kujisaidia lenyewe. Kusanya unga kwenye maua yaliyokwisha kuulegeza, uupake kwa brashi laini kwenye ua jipya lililoanza kufunguka. Ni kazi ya dakika chache na utaona tofauti.

Mbalungi wa Jinja tutauzalisha kwa njia nyingine, kwenye mti wenyewe. Tawi lenye unene wa kidole gumba unalitoa ganda kwa kuzunguka, upana wa sentimita mbili au tatu, ukwangue ule ute mpaka mti mkavu uonekane, la sivyo ganda litajiunga tena. Halafu unalifunika jeraha kwa udongo laini uliochanganywa na maranda yaliyooza, wenye unyevu wa kutoa tone moja ukiukamua kiganjani, na kulifunga kwa kavera juu na chini. Majani yanaendelea kutengeneza chakula, chakula hakipiti kwenda chini, basi hapo kwenye jeraha hutoka mizizi. Miezi miwili au mitatu, ukiiona imejaa nyeupe ndani ya kavera, unakata chini yake na kupanda. Mti wa namna hii hauna mzizi mkuu, kwa hiyo upigie nguzo, upepo wa ziwa usije ukaulaza. Mkomamanga na mforosadi havihitaji mambo yote haya: pandikiza kijiti kilichokomaa chenye macho manne au matano, mawili yawe udongoni.

Ukitaka mche wenye karatasi zake, kituo cha utafiti cha Kawanda kipo hapa hapa kwenye barabara ya Bombo, tangu mwaka 1937, na ukiuliza kuhusu mti mama wanakujibu. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, usiende kuchuma kitu. Nenda kutazama. Utaona mti uliokua bila kupunguzwa unafika wapi, na utapunguza orodha yako wewe mwenyewe.

Maana kiwanja chako ni futi 50 kwa 100, na ndani yake kuna nyumba, choo, tangi la maji na njia ya gari. Mfenesi mmoja na mzambarau mmoja vimekwisha kujaza kila kitu na kumpa jirani kivuli asichokiomba. Nakupangia hivi: mistafeli miwili, mbalungi mmoja ambao utakuwa unaukata kichwa kila baada ya mavuno, mkomamanga mahali panapopata jua la siku nzima, mforosadi nyuma karibu na maji ya kuogea, na pesheni kwenye ukuta. Pesheni ya zambarau tutaibebesha juu ya ile ya manjano, kwa kuwa mizizi ya manjano inavumilia ugonjwa wa kunyauka. Chini yake tupa mbegu za ntuntunu, yale matunda madogo ya manjano yanayokaa ndani ya ganda kama karatasi, watoto watazichuma wakirudi shule. Mshokishoki nitakutafutia mmoja tu, jike, uliobebeshwa, na kama sitamwona mama yake kwa macho yangu basi hutaupanda.

Kuna kitu kimoja hukukitaja nami nakiombea nafasi. Mpafu. Najua hauwezi kuingia Seeta. Mwafu, ndio mti wenyewe wa mpafu, ni jitu la msituni, na nao una dume na jike. Ila shamba la babu yako lina nafasi. Watu wa Buganda wanayalainisha matunda yake kwa maji ya uvuguvugu na kuyala na chumvi, nyama yake ina mafuta, na kokwa lake lina pembe tatu na ugumu wa kuvunja jino. Miti inakatwa kwa mbao na wachache mno wanaipanda. Msaali nao hivyo hivyo, yale matunda ya manjano yenye ukali tuliyookota ukingoni mwa msitu. Tunahangaikia matunda ya Malaysia kama shokishoki wakati yetu yanaishia kwenye tanuri la mkaa. Nikiwa na nguvu hizi nilizo nazo, nataka kuotesha yote mawili, na nataka uwe nami tunapoanza.

Rafiki yako wa Dubai asikutumie mbegu wala vijiti kwenye bahasha. Kibali kinatolewa na Wizara ya Kilimo, Entebbe, na si usumbufu wa bure: wadudu na magonjwa mapya huingia nchi kwa njia hiyo hiyo ya zawadi.

Njoo kabla mvua za Septemba hazijashika, Jumamosi, tukatize Jinja siku ile ile. Lete vipimo vya kiwanja vilivyoandikwa, mahali jua linapochomoza kwenye ukuta wako, na makavera matupu ya maziwa uliyoyahifadhi. Kisu ninacho, nimekinoa.

Mama yako