Kikoba chetu na neno "atakopeshwa"

Ndugu Mhariri,

Mimi ni katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, cha wanachama 28 hapa Tandika, na ninaandika kuhusu neno moja ambalo nusura litusambaratishe. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, akapewa laki moja kutoka mfuko wa jamii. Baada ya miezi miwili mweka hazina alimdai, kwa sababu katiba yetu, ambayo tuliinakili kwa kikundi kingine ili tuwahi usajili unaotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inasema kwamba mwanachama aliyefiwa "atakopeshwa". Sisi kwa vinywa vyetu tulikuwa tukisema siku zote "atashikwa mkono". Fedha ni ileile, na sanduku ni lilelile lenye kufuli tatu, lakini aliyekopeshwa ana deni na anapigwa faini akichelewa, ilhali aliyeshikwa mkono hadaiwi na mtu, ila naye atafika siku mwenzake atakapofikwa.

Wapo waliotuambia kwamba huo ni ugomvi wa maneno tu. Ningependa kuwauliza: ukiondoa maneno, kikoba kinabaki na nini? Mpaka mwenyekiti atamke kwamba kikao kimefunguliwa, sisi ni kina mama tuliokaa mkekani tukipiga soga (na soga haina faini). Ndoa nayo ni hivyo hivyo. Walii husema "nimekuoza" na bwana harusi hujibu "nimekubali". Angesema "nitakuoza", hiyo ingekuwa ahadi tu, na wapishi wangerudi na masufuria yao.

Tena neno likishakaa midomoni mwa watu, sheria peke yake hailing'oi. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi, ambaye wengi humwita mjumbe, alibaki kuwa kiongozi wa chama, na shughuli za serikali mtaani zikawa za mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hata hivyo, hadi leo wapo wanaouza viwanja wakamtafuta kwanza "mjumbe" wao ashuhudie, kwa kuwa hawajaacha kumwita hivyo, na kwa kumwita hivyo wanaendelea kumpa kazi.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nililipokea jambo hilo kwa furaha, lakini kisa chetu kimenionyesha kwamba Kiswahili nacho kinaweza kuwa cha kuazima. Katiba tuliyoinakili ilikuwa ya Kiswahili safi. Ila haikuwa yetu.

Jumapili iliyopita tulikaa saa tatu nzima juu ya kifungu hicho kimoja. Mweka hazina alipendekeza "atasaidiwa", bibi mmoja akakataa akisema kwamba anayesaidiwa ni maskini na yeye si maskini, na mwishowe tukaandika "atashikwa mkono, wala hatadaiwa". Ofisi tuliyoipelekea imeturudishia katiba hiyo, ikisema kwamba hailingani na sampuli. Ninaomba wanaosajili vikundi waangalie kama sheria imetimizwa, na maneno ya namna wanachama wanavyozikana na kuchangiana watuachie wenyewe.

Katibu wa kikoba,
Tandika, Dar es Salaam