Kwa nini Beni ni ugaidi na Mitwaba tumeisahau?

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kilio hapa Katuba. Usiku ukiwa umekwenda na chai imepoa, kijana mmoja akatoa simu, akatuonyesha picha za kijiji kilichochomwa huko upande wa Beni, mashariki mwa Kongo yetu. Hata hajairudisha mfukoni, kila mtu alishakuwa na sababu yake. Mzee mmoja akasema ni dini yao. Vijana wakasema ni njaa, asiye na kazi hununuliwa kwa bei ya chupa ya bia. Mwingine akaapa kwamba jibu liko Kampala na Kigali, mengine yote porojo. Jirani yangu Mwislamu, muuza vitenge, alikuwa akitazama moto tu.

Nianze na hiyo dini. ADF, wanaoua huko Beni, ni kundi la waasi lililotoka Uganda, liko katika misitu ya Rwenzori tangu miaka ya 1990. Mauaji makubwa ya Beni yalianza Oktoba 2014. Dola la Kiislamu lilikuja kujitangazia shambulio la kwanza huko Aprili 2019, wakati makaburi yalikwisha jaa. Kisha Mei 1, 2021, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwakemea wauaji hao hadharani, akapigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa Beni, watu wakiwa kwenye sala. Sisemi viongozi wa kundi lile hawaitumii dini. Wanaitumia, na kiapo chao kwa Dola la Kiislamu si mchezo. Lakini anayemtupia muuza vitenge jicho la pembeni amebisha mlango usio wake.

Na njaa? Ingekuwa njaa peke yake inatosha, Katuba nzima ingekuwa msituni leo.

Kilichonishangaza ni kwamba usiku mzima hakuna aliyetaja Mitwaba, huku kwetu Katanga. Mwaka 2009 mahakama ya kijeshi iliketi Kipushi, hapa hapa jirani, ikamhukumu Gédéon Kyungu Mutanga kifo kwa uhalifu dhidi ya binadamu, uasi na ugaidi. Ndiyo, ugaidi, neno lile lile. Wala sikumbuki mtu akiuliza anasali wapi. Wapiganaji wake walikuwa Mai-Mai, wanamgambo wa kienyeji, na Mai-Mai wa kaskazini mwa Katanga walipewa bunduki na serikali wakati wa vita ya 1998 ili wazuie jeshi la Rwanda na waasi wa RCD. Vita ikaisha, bunduki hazikurudi. Raia wa Mitwaba, Manono na Pweto ndio waliolipa, hadi eneo lao likaitwa pembetatu ya kifo.

Septemba 2011 watu wenye silaha wakavamia gereza la Kasapa hapa Lubumbashi, Gédéon akatoka pamoja na mamia ya wafungwa. Machi 23, 2013 Bakata Katanga, wapiganaji wake waliotaka Katanga ijitenge, wakaingia mjini na bendera yao, nasi tukajifungia ndani na watoto chini ya vitanda. (Kata Katanga! Jina la Kiswahili safi, hakuna wa kumsingizia mgeni.) Oktoba 2016 Gédéon akajisalimisha, wakubwa wakampokea kama mgeni wa heshima, akapewa nyumba hapa Lubumbashi. Machi 2020 akatoweka tena.

Mimi nilifundisha historia miaka mingi, kwa hiyo nina ugonjwa wa kuuliza: bunduki ya kwanza alitoa nani, na mlango wa gereza alifungua nani? Maswali hayo mawili hayapendwi kwenye vilio wala redioni, maana majibu yake yanaishi karibu na sisi. Msikiti ni rahisi zaidi kuunyoshea kidole.

Nilipoyasema hayo, yule mzee wa dini akatikisa kichwa. “Lakini Mwalimu,” akanijibu, “wale walikuwa watoto wetu.”

Muuza vitenge akacheka, mara ya kwanza usiku ule.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi