Mwenye kununua samaki wa madimbwi aulize umri wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaofuga samaki wa mapambo, hasa wale waliochoshwa na samaki wa dhahabu na ambao sasa wanatafuta samaki wasioonekana kila nyumba. Wengi wao huagiza kutoka mbali kwa gharama kubwa, ilhali katika madimbwi ya mvua ya Unguja, Tanga, bonde la Rufiji na pwani ya Kenya wamo samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, ambao wafugaji wa Ulaya wanawaenzi tangu zamani. Nothobranchius guentheri wa Unguja, aliyeelezwa kitaalamu na Mjerumani Pfeffer mwaka 1893, ana urefu wa sentimita tano hivi. Dume lake ana mwili wa kijani na buluu na mkia mwekundu wenye ukingo mweusi, na kwangu mimi hakuna samaki wa maji baridi anayemshinda kwa uzuri.

Lakini uzuri huo ndio unaowapoteza wanunuzi. Maisha ya samaki hawa yamefungwa na mvua: dimbwi likijaa, mayai yaliyolala topeni huanguliwa, vifaranga hupevuka ndani ya wiki chache na kuanza kutaga, kisha dimbwi hukauka na samaki wote hufa, yakabaki mayai ardhini yakingoja mvua nyingine. Jamaa yao wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, huishi muda mfupi kiasi kwamba wanasayansi humtumia kuchunguza namna viumbe wanavyozeeka. Kwa hiyo anayechagua dume mkubwa kuliko wote, aliyekwisha kukolea rangi, mara nyingi huwa amechagua mzee, na samaki huyo akifa baada ya miezi michache hulaumu maji au chakula bure. Achague wadogo ambao rangi ndiyo kwanza inajitokeza, au bora zaidi anunue mayai.

Matunzo yao si magumu. Dume mmoja na majike wawili au watatu huwatosha tangi la lita 40 lenye chujio la sifongo, mimea ya kujificha na mfuniko usioacha mwanya, kwa maana ni warukaji hodari. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo siku moja au mbili ili klorini itoke, na tangi lisiwekwe juani: joto la nyuzi 22 hadi 26 linawafaa, na likizidi huharakisha uzee wao. Chakula kikavu wengi hukikataa. Wanataka chakula hai, kama viluwiluwi vya mbu, ambavyo hupatikana kwa urahisi katika ndoo ya maji, mradi mbu wakishataga ndoo ifunikwe kwa chandarua ili tusiwazalishie majirani mbu. Wakionekana na vumbi laini la rangi ya dhahabu ngozini, hicho ni kimelea kinachowapenda sana. Kijiko kidogo cha chumvi isiyo na madini joto kwa kila lita kumi za maji husaidia kukizuia.

Katika bakuli ndani ya tangi iwekwe makumbi ya nazi yaliyosagwa, yakachemshwa na kusuuzwa, nao watataga humo. Baada ya wiki moja au mbili makumbi hayo yakamuliwe hadi yabaki na unyevu kama wa tumbaku mpya, yatiwe kwenye kopo lenye mfuniko, na juu yake yaandikwe tarehe na jina la mahali walikotoka wazazi. Baada ya miezi mitatu hivi yatiwe maji, na vifaranga hutoka ndani ya saa chache. Mayai yasiyoanguliwa yasitupwe, bali yakaushwe tena, kwa sababu mengine hulala muda mrefu zaidi, na kwa njia hiyo kizazi huokoka pale mvua za mwanzo zinapodanganya.

Jina la mahali naliwekea mkazo, kwa kuwa samaki wa dimbwi moja huweza kutofautiana na wa dimbwi jingine, na wakichanganywa tofauti hiyo hupotea moja kwa moja. Vilevile samaki wa dukani asimwagwe dimbwini kamwe. Wakati wa kiangazi kizazi chote cha dimbwi kimo ndani ya udongo, ingawa mahali penyewe huonekana kama kiwanja kitupu kinachongoja kifusi.

Nawaomba basi wauzaji waandike kwenye kila tangi umri wa samaki hawa na mahali walikotoka, wauze waliozalishwa na wafugaji badala ya kuchota madimbwini, na maofisa wa ardhi wayakague mabonde ya pwani wakati wa masika kabla ya kuidhinisha yafukiwe.

Wasalaam,
Mfugaji wa samaki, Unguja